Mume wangu ameniapisha nisimwambie mtu kwamba alianguka tena

Bi. Mshauri,

Assalaam aleikum. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani kwamba ingefika siku nikuandikie kwa jambo langu mwenyewe. Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 36, naishi Kisauni na mume wangu na watoto wetu watatu, na katika nyumba hiyo hiyo, orofa ya chini, anaishi mavyaa wangu. Mume wangu ana miaka 41. Ni dereva wa trela. Huchukua makontena bandarini Kilindini na kuyapeleka kwenye yadi za Changamwe na Miritini, kazi ambayo ameifanya miaka 14 bila ya ajali hata moja.

Miezi mitano iliyopita alirudi kutoka kazini akiwa na homa, kikohozi na maumivu ya viungo. Mafua hayo yalikuwa yameshapita nyumba nzima, kuanzia kwa mtoto mdogo, kwa hivyo sikuona la ajabu. Nilimpa panadol, nikamchemshia tangawizi na limau, na usiku nikamfukiza kwa majani ya mkaratusi kama alivyokuwa akitufanyia mamangu. Siku ya tatu homa ilikuwa bado haijashuka. Tukaenda zahanati moja ya karibu na kwetu, akapewa dawa ya malaria bila ya kutolewa damu, tukarudi nyumbani.

Asubuhi ya siku ya nne aliketi mezani kunywa chai. Nikamwona anaimimina chai ndani ya bakuli la sukari, polepole, kwa uangalifu, mpaka bakuli likajaa na chai ikaanza kutambaa juu ya kitambaa cha meza. Kisha akaniuliza ufunguo wa gari uko wapi, ilhali alikuwa ameushika mkononi. Nilicheka. Nilidhani ananifanyia mzaha, maana yeye ni mtu wa mzaha, na hata nikamwita mwanangu wa kwanza aje amwone babake. Yeye hakucheka. Magharibi ya siku hiyo alianguka chooni, mwili mzima ukitetemeka, macho yamegeuka, povu linamtoka.

Alilazwa hospitalini siku 19, na siku sita kati ya hizo alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwanza walisema ni malaria ya ubongo, lakini damu haikuonyesha malaria. Wakahofia homa ya uti wa mgongo, wakamtoa maji ya mgongoni, nayo yakaonekana safi isipokuwa protini ilikuwa imepanda kidogo. Mwisho kipimo cha puani kikaonyesha virusi vya influenza aina ya A, na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu akatuambia kwamba ubongo wake ulivimba kwa sababu ya homa ya mafua, jambo linalowapata watu wazima kwa nadra sana.

Mavyaa hakukubali. Aliuliza swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake: ikiwa maji ya mgongoni hayakuwa na virusi, hayo mafua yalifikaje kichwani? Tangu siku hiyo anasema mwanawe ametupiwa jini na hasidi wa kazini. Anataka aache dawa za hospitali kwa siku 40 apelekwe kwa mganga. Nimesikia pia kwamba huwaambia jamaa kuwa mimi ndiye niliyemchelewesha mgonjwa nikimchezea na majani. Jirani naye amenitisha kwamba watu wa namna hii huishia kupooza miguu.

Mume wangu alirudi nyumbani akiwa hai, na namshukuru Mwenyezi Mungu, lakini si yule niliyemjua. Husahau jambo aliloambiwa asubuhi, huwakaripia watoto kwa sauti ya kijiko kikianguka, na adhuhuri hulala kama aliyebeba magunia. Anatakiwa kumeza dawa za kuzuia kuanguka mara mbili kwa siku.

Wiki tatu zilizopita, saa tisa za usiku, alianguka tena kitandani. Hakuna aliyejua ila mimi. Alipopata fahamu na kuelewa yaliyotokea, alilia, nami sijawahi kumwona akilia, hata siku ya maziko ya babake. Akaniambia kwamba alikuwa ameacha vidonge vya usiku kwa siku kadhaa kwa sababu vinamfanya awe mzito. Kisha akanichukulia msahafu akaniapisha nisimwambie mtu yeyote: si mamake, si nduguye, si daktari. Kazini wamemwekea nafasi yake hadi mwisho wa mwezi ujao, na kabla ya kurudi barabarani lazima apite kwa daktari wa kampuni atakayemuuliza kama amewahi kuanguka tena. Akiba yetu imekwisha; tunaishi kwa anachotupa nduguye. Miadi yake ya kliniki ni wiki mbili kutoka sasa.

Nikisema, nimevunja kiapo na huenda nikavunja nyumba. Nisiposema, kila trela litakaloteremka pale Kibarani, penye matuktuk na watoto wa shule, nitalitazama nikijiuliza ni nani aliyekaa nyuma ya usukani. Nifanye nini?

Niliyeapishwa, Kisauni

*

Wa aleikum ssalaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa haraka, kisha nikairudia nikiwa nimeketi, na kila nilipofika kwenye lile bakuli la sukari nilisimama. Swali uliloniuliza ni la kiapo. Hata hivyo, naona umebeba mizigo mitatu kwa pamoja: kicheko ambacho hujajisamehe, swali la mavyaa ambalo halijajibiwa, na siri ya usiku ule. Siamini kwamba unaweza kuamua juu ya huo wa tatu ilhali miwili ya mwanzo bado imekuelemea, kwa hivyo niruhusu nianze nayo.

Ulicheka kwa sababu miaka yote ya ndoa yenu mume wako amekuwa akikuchekesha. Akili yako ilichukua maelezo yaliyokuwa karibu zaidi, na ndivyo akili ya kila mmoja wetu inavyofanya kazi. Homa ya mafua kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja, hata kikohozi na uchovu vikibaki nyuma. Wanaopatwa na shida ya ubongo ni wachache mno, na hapa Pwani mtu mwenye homa aliyeanza kupayuka hudhaniwa kuwa na malaria na waliosomea kazi hiyo, seuze wewe uliyekuwa jikoni. Hebu hesabu saa. Chai ilimwagika asubuhi, magharibi akaanguka, na baada ya hapo alikuwa mikononi mwa madaktari. Dawa iliyopo ya kupambana na virusi hivi, oseltamivir, hufanya kazi vyema zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza, na katika saa hizo 48 mume wako alikuwa na mafua kama waliyokuwa nayo watoto wako. Siwezi kukuapia kwamba saa za mchana ule hazikuwa na uzito wowote, wala hakuna anayeweza kukuthibitishia kwamba zingebadilisha jambo. Ninachokiona ni kwamba unajihukumu kwa elimu uliyoipata baadaye. (Msomaji mwingine anayepita hapa achukue hili: mtu mzima mwenye homa ambaye ghafla anachanganya mambo, hawatambui watu, au analala na haamshiki, hapelekwi kulala akapumzike, anapelekwa hospitalini saa hiyo hiyo.)

Sasa swali la mavyaa. Mwanangu, hilo ni swali zuri, na laiti mtu pale hospitalini angeketi naye akamjibu, pengine leo msingekuwa mnavutana. Madaktari wa Japani, ambao wameandika mengi kuhusu maradhi haya hasa kwa watoto, waliona jambo lile lile alilolishangaa yeye: mara nyingi virusi vya influenza havionekani kabisa katika maji ya uti wa mgongo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mara nyingi si virusi vinavyouharibu ubongo kwa kuuingia, bali ni kinga ya mwili yenyewe iliyopandwa na hamaki kupita kiasi. Fikiria mwizi anayefukuzwa katika soko la Kongowea. Watu hamsini wanamkimbilia, meza za nyanya zinapinduka, mayai yanavunjika, na mwizi mwenyewe huenda hata hakuwahi kufika upande ule. Ukija baadaye kumtafuta kati ya meza zilizopinduka humwoni, lakini hasara ipo. Kemikali ambazo mwili huzimwaga ili kupigana na virusi huweza kulegeza kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni, maji yakavuja na ubongo ukavimba. Hata ile protini iliyopanda kidogo huweza kuonekana mishipa inapovuja hivyo.

Kuhusu kupooza miguu, nadhani jirani alichanganya mambo mawili. Yako maradhi mengine, yaliyoelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1916 na kuitwa Guillain-Barré, ambayo huweza kufuatia mafua au hata ugonjwa wa kuhara. Hayo hushambulia mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo, na udhaifu huanzia miguuni ukapanda juu siku baada ya siku. Katika uliyoniandikia sioni dalili yake, na kama ingekuwepo madaktari wangeiona katika siku zile 19.

Sitakuambia ugombane na mavyaa kuhusu jini. Yeye ni mama aliyeona mwanawe akirudi kutoka ukingoni mwa kaburi, na anatafuta jina la kitu kilichomfikisha huko. Asomewe Qur'ani, aombewe, hayo hayagombani na kidonge chochote. Hatari iko katika jambo moja, nalo ni zile siku 40 bila ya dawa, kwa sababu dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta mwanguko mmoja juu ya mwingine bila ya kupumzika, na huo huua. Umewahi kufikiria kumpa yeye kazi ya kutunza saa ya dawa? Mama anayeamka alfajiri kusali, na anayeketi barazani baada ya isha, ndiye aliye macho katika saa zote mbili ambazo mwanawe anahitaji kidonge. Huenda akakataa. Huenda pia akaona kwamba hatimaye amepewa nafasi katika uuguzi huu, badala ya kuachiwa lawama peke yake.

Unasema mume wako amekuwa mtu mwengine. Hapo ningependa usimame kidogo. Ubongo uliovimba hupona kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka na zaidi, na usahaulifu, uchovu na hasira ni mambo ya kawaida katika safari hiyo. Miezi mitano bado ni mapema kusema alivyo sasa ndivyo atakavyobaki. Lakini kuna jambo jingine. Hukunitajia jina la dawa anayomeza. Baadhi ya dawa za kifafa, na levetirasetamu inayotumika sana ni mojawapo, huweza zenyewe kumfanya mtu awe mzito, mwepesi wa kukasirika na mwenye kero na kila sauti. Inawezekana kwamba sehemu ya mtu unayemwona akiwakaripia watoto inatoka ndani ya kile kidonge, na daktari ana njia za kulishughulikia hilo: kupunguza kipimo, kubadilisha saa, au kubadilisha dawa kabisa. Ila daktari hawezi kuitibu shida ambayo hajaambiwa. Kwa hiyo siri hii haifichi mwanguko peke yake; inaficha pia malalamiko ya mume wako mwenyewe, ambayo huenda yana dawa.

Na sasa usiku wa saa tisa. Mwanguko wa siku ile ya chooni ulitokea ubongo ukiwa umevimba na homa iko juu. Wengi wanaoanguka hivyo hawaanguki tena. Mwanguko unaokuja miezi baadaye, bila ya homa, hupimwa kwa mizani tofauti, kwa sababu unaonyesha kwamba huenda pamebaki kovu ubongoni, na uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi. Papo hapo, wa kwake ulikuja baada ya kuruka dawa siku kadhaa, na hilo linaweza kubadilisha maana yake. Kutenganisha mambo hayo kunahitaji daktari, historia ya kweli, na pengine kipimo cha umeme wa ubongo. Hata neno kwamba hataendesha gari tena maishani, ambalo naamini ndilo lililomliza, hakuna aliyelitamka isipokuwa hofu yake.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Trela lenye kontena halisimami pale dereva wake anapopoteza fahamu. Sheria ya trafiki ya Kenya humtaka anayeomba leseni aeleze kama ana maradhi yanayoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa watu. Kunyamaza nako ni uamuzi. Usije ukadhani kwamba kwa kunyamaza utakuwa hujafanya lolote. Matokeo yake yanaweza kumwangukia mtoto usiyemjua, na mume wako vile vile, ambaye akinusurika ataishi na jambo zito kuliko kukosa kazi.

Umenieleza kana kwamba mbele yako kuna milango miwili tu, kusema au kunyamaza. Mimi naona njia zaidi, na kila moja ina miiba yake.

Ningetamani kwanza ujue ni nini hasa alichokuapisha. Mtu aliyeamka usiku akiwa amechanganyikiwa, amejiona dhaifu mbele ya mkewe, alikuwa akilinda nini? Mshahara? Au jina, kwa kuwa hapa kwetu mwenye kifafa bado hunyooshewa kidole hata harusini? Umuulize wakati ametulia, labda asubuhi baada ya kupumzika na si adhuhuri anapokuwa mzito, na usianze na kiapo. Anza na vidonge: "Vinakufanya uhisi vipi?" Kutoka hapo anaweza kufika mwenyewe kwenye kumwambia daktari wa kliniki, na akisema yeye kwa mdomo wake, hapana kiapo kilichovunjwa. Hatari ni kwamba atahamaki, au atasahau mlilokubaliana, kwa hivyo yafaa mazungumzo yawe mafupi na yarudiwe, na mliloafikiana liandikwe.

Akikataa, kuna daktari wa kliniki, ambaye si daktari wa kampuni. Huyu wa kliniki amefungwa na amana ya kazi yake kutunza siri za mgonjwa, na humsikiliza mke kwa sababu mtu aliyeanguka hawezi kusimulia kuanguka kwake. Lakini mume wako akijua kwamba umezungumza nyuma yake, imani kati yenu itapata ufa, na sitajifanya kwamba ufa huo ni mdogo. Kuna nduguye, ambaye tayari anabeba nyumba yenu na huenda akasikizwa kama mwanamume mwenzake, ingawa neno likifika kwake liko hatua chache tu kutoka kwa mavyaa. Ama kwenda wewe mwenyewe kazini kwake, hiyo ndiyo njia nzito kuliko zote, na ningependa uitazame ya mwisho, pale tu utakapoona anaushika usukani na hakuna mwengine aliyesikia.

Kuhusu kiapo chenyewe, mimi si mwanachuoni. Najua tu kwamba dini yetu ina mlango wa kafara kwa aliyeapa kisha akaona kuwa lililo kinyume na kiapo chake lina kheri zaidi. Mtafute sheikh unayemwamini au mwende kwa kadhi, muulize bila ya kutaja majina. Utaingia katika mazungumzo na mume wako ukiwa na utulivu mwingine kabisa ukishajua umesimama wapi mbele ya Mola wako.

Kazi pia haina lazima iwe usukani au kukosa kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na katika yadi za makontena kuna kazi za chini zisizohitaji leseni. Sitakuficha kwamba kazi ya kuhesabu na kuandikisha makontena huenda ikamshinda kwa sasa kwa sababu ya usahaulifu, na kwamba si kila mwajiri huiheshimu sheria asiposimamiwa. Hata hivyo, kuomba miezi michache zaidi kwa barua ya daktari inayosema kweli ni ombi tofauti na lile mlilolizoea kichwani, la kurudi barabarani mwezi ujao au kufukuzwa.

Kabla ya miadi ya kliniki, chukua daftari la mtoto na uandike usiku ule ungali ukiukumbuka: tarehe, saa, ulichokiona kwanza, upande wa mwili ulioanza kutetemeka, dakika ngapi, alichukua muda gani kukutambua, na vidonge vilivyobaki katika pakiti. Hata kama hutampa mtu daftari hilo leo, liwepo.

Na leo usiku, sogeza kitanda chenu mbali na ukuta na uondoe ile meza ya kichwani kama ina kona kali. Akianguka, mlaze ubavu, tia kanga iliyokunjwa chini ya kichwa chake, usimshike kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni, na utazame saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akimaliza na kuanza tena kabla ya kupata fahamu, mwite mavyaa na nduguye, mtafute gari na mwende hospitalini; usiku huo hakuna kiapo.